Sindano ya Adrenalini: Mambo Yapasayo Kujulikana Kabla ya Saa ya Dharura



Mjini Kampala saa ya kufuturu na saa ya msongamano wa magari ni saa moja. Mji huu u karibu na Ikweta, na kwa hiyo jua huchwa mwaka mzima karibu na saa moja ya jioni, wakati ule ule ambapo ofisi zimefungwa na kila mtu yumo njiani kurudi kwake. Mtu afuturuye Kawempe kwa mchuzi wa njugu, naye ni mtu ambaye mwili wake haupatani na njugu, akianza kuvimba midomo na kubanwa na koo wakati huo, yambidi aipite Bwaise ndipo aifikie Mulago. Usiku wa manane njia hiyo ni fupi. Wakati wa Magharibi hakuna dereva awezaye kuiapia.

Na muda wenyewe ni mchache kuliko watu wadhanivyo. Tabibu mmoja wa Manchester, Richard Pumphrey, alitoa mwaka 2000 uchunguzi wake wa vifo vya namna hiyo vilivyotokea Uingereza. Aliona kwamba katika waliokufa kwa sababu ya chakula, nusu yao pumzi au moyo ulisimama kabla ya kutimia dakika 30 tangu kula. Kwa walioumwa na nyuki na nyigu muda huo ulikuwa dakika 15, na kwa waliodhuriwa na dawa walizotiwa na waganga wenyewe ulikuwa dakika 5 tu. Kwa hesabu hiyo, yale yote ambayo mtu angependa kuyauliza juu ya sindano ya adrenalini, kama inafaa, kama ina hatari, ni ya kiasi gani na huchomwa wapi, hayana nafasi siku ya msiba. Hayana budi kuulizwa na kujibiwa siku ya salama.

Kiswahili kina neno zuri la jambo hili, nalo ni mzio. Zamani mzio ulikuwa kitu ambacho mtu amekatazwa kukila, kwa kuwa akikila kitamdhuru. Na matabibu wa siku hizi walipotafuta jina la ugonjwa huu hawakwenda mbali. Mzio mwepesi huleta mwasho na mafua, wala hauhitaji sindano. Mzio mkali, uitwao na matabibu anafilaksia, ni mwingine kabisa. Jina hilo lilitungwa mwaka 1902 na Wafaransa wawili, Paul Portier na Charles Richet, walipoona kwamba mbwa aliyestahimili sumu ya mnyama wa baharini mara ya kwanza alikufa upesi alipotiwa tena kiasi kidogo baada ya majuma machache. Richet alitunukiwa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1913. Yatosha habari ya mbwa. Iliyobaki ni ya watu.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kama ugonjwa wenyewe ndio huo. Anafilaksia huja kwa haraka, katika dakika chache au saa moja mbili, baada ya mtu kula, kuumwa na mdudu, au kupewa dawa. Mara nyingi ngozi hutoka mabaka yaliyovimba na kuwasha kama aliyeguswa na upupu. Midomo, ulimi na macho huvimba. Lakini alama zinazoonyesha hatari si za ngozi: ni sauti kukwaruza, koo kubana, kifua kupiga mluzi, pumzi kuwa fupi, kizunguzungu, kuzimia, na kwa mtoto mdogo kulegea ghafula. Alama hizo za pumzi na za damu zikitokea, kwa mtu aliyekwisha kula au kuguswa na kitu kijulikanacho kuwa mzio wake, haifai kungojea mpaka ngozi ibadilike, maana kwa watu wengine ngozi haibadiliki kabisa.

Tena kuna kuzimia kusikokuwa na mzio. Wako watu ambao wakiona sindano tu huanguka. Hugeuka weupe, mapigo ya moyo huenda polepole, nao wakilazwa chini huzinduka baada ya muda mfupi bila vipele wala mluzi wa kifua. Hao hawana haja ya adrenalini. Tofauti hii si ndogo katika nchi ya Uganda, ambako watoto wengi wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi huchomwa penisilini kila baada ya majuma manne. Katika jaribio lililofanywa Gulu tangu mwaka 2018 na kutangazwa mwaka 2021, watoto 818 ambao ugonjwa huo ulikuwa bado umejificha waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likachomwa penisilini kwa miaka miwili na fungu jingine lisichomwe. Waliozidiwa na ugonjwa katika fungu la sindano walikuwa 3 tu, na katika fungu la pili 33. Katika maelfu ya sindano hizo, anafilaksia ilitokea mara moja, nayo ilikuwa nyepesi. Mzazi asikiaye habari hiyo haimpasi kuikimbia penisilini. Ampasalo ni kuuliza, kabla mtoto hajachomwa, kama adrenalini ipo katika chumba kile kile, na kumweka mtoto hapo kwa muda baada ya kuchomwa. Na mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilionya kwamba baadhi ya wagonjwa ambao moyo wao umekwisha kuharibika sana huweza kuanguka baada ya sindano ya penisilini kwa udhaifu wa moyo, si kwa mzio, na kwamba kwa hao vidonge ni salama zaidi. Basi mganga ajue hali ya moyo kwanza.

Jambo la pili ni dawa yenyewe. Ina majina mawili, adrenalini kwa desturi ya Waingereza na epinefrini kwa desturi ya Wamarekani, na dawa ni ile ile. Mtu akisoma hili au lile juu ya kichupa asisite. Lakini liko jina jingine, efedrini, lifananalo nalo kwa sauti, na hilo ni dawa nyingine. Kichupa hakina budi kusomwa kwa macho, wala kisichukuliwe kwa kukisia rangi ya kibandiko chake.

Baada ya jina husomwa nguvu. Adrenalini ya mzio ni ile yenye miligramu 1 katika mililita 1, iliyoandikwa kwa desturi ya kale 1:1000. Iko nyingine iliyochanganywa na maji mara kumi, 1:10,000, ambayo huwekwa kwa watu ambao moyo umesimama. Hizo sifuri zimewakosesha hata wajuzi, na kwa sababu hiyo Marekani iliamua kwamba tangu mwaka 2016 uwiano huo usiandikwe tena juu ya vichupa, ila miligramu na mililita tu. Kisha huangaliwa tarehe, na maji yenyewe. Adrenalini nzuri ni maji meupe yasiyo na rangi. Ikigeuka ya waridi au ya hudhurungi, au ikiwa na chembe ndani, imeharibiwa na hewa, mwanga au joto. Hali ya hewa ya Kampala haiiudhi dawa hii, maana nyumba ya kawaida yenye kivuli yatosha, wala haifai kuigandisha katika barafu. Kinachoiua ni kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani, au katika duka la mabati saa ya adhuhuri.

Jambo la tatu ni kiasi. Kipimo cha kimataifa ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kisizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Waingereza wamelirahisisha jambo hili kwa umri: mtoto wa miezi sita hadi miaka sita hupewa mililita 0.15 ya ile dawa ya miligramu 1 katika mililita 1. Wa miaka sita hadi kumi na miwili hupewa mililita 0.3, na aliyepita umri huo hupewa mililita 0.5, yaani nusu ya kichupa. Nusu, si kichupa kizima. Watu wengi hudhani kwamba kilichomo ndani ya kichupa kimoja ndicho kipimo cha mtu mmoja, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Katika nchi tajiri mgonjwa hupewa kalamu iliyokwisha kutiwa kipimo, ambayo huikandamiza pajani ikajichoma yenyewe. Kalamu mashuhuri kuliko zote, EpiPen, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Tangu Agosti 2024 Marekani imeruhusu pia adrenalini ya kupulizwa puani. Lakini kalamu hizo hazipatikani katika nchi nyingi za dunia, na pale zinapopatikana bei yake si ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hutegemea kichupa cha kioo na bomba la sindano, ambavyo ni rahisi kwa bei lakini vigumu kwa mkono. Mwaka 2001 Daktari Estelle Simons wa Winnipeg, Kanada, aliwapa wazazi 18 kichupa na bomba, akawafundisha, kisha akawataka wavute kipimo cha mtoto mchanga. Wauguzi wa chumba cha dharura walitumia nusu dakika. Wazazi walitumia zaidi ya dakika mbili, na kiasi walichovuta kilitofautiana hata mara arobaini kati ya mmoja na mwingine. Na wazazi hao walikuwa wamekaa kitako, mtoto hayuko mbele yao akihangaika.

Haya hayakusemwa ili mzazi aliyeandikiwa dawa na daktari akate tamaa. Yaonyesha tu kwamba kusimuliwa hakutoshi. Mwuguzi amfundishe kwa bomba na maji matupu, mara nyingi, mpaka mkono uzoee. Na katika bomba la mililita 1 litakalowekwa pamoja na dawa, mstari wa kipimo cha mgonjwa huyo utiwe alama ya wino usiofutika. Bomba la insulini lisitumiwe badala yake. Ni jambo la kuonyesha kidole, kwa kuwa nyumba nyingi zina mgonjwa wa kisukari na mabomba hayo yapo tele: lakini alama zake ni za uniti, na sindano yake ni fupi, imetengenezwa kuishia katika mafuta ya chini ya ngozi.

Kwa nini mafuta hayafai? Daktari Simons huyo huyo alikwisha kulipima jambo hilo mwaka 1998 kwa watoto. Adrenalini iliyotiwa katika msuli wa paja ilifikia kilele chake katika damu baada ya dakika 8. Iliyotiwa chini ya ngozi ilihitaji dakika 34. Mwenye kuzikumbuka dakika 30 za Pumphrey ataiona maana yake. Kwa hiyo mahali ni paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Sindano huingia wima, na dharura ikiwa kubwa huchomwa juu ya nguo. Haichomwi matakoni, ambako mafuta ni mengi. Haichomwi katika kidole wala kiganja, maana huifinya mishipa midogo mpaka kidole kiwe cheupe na baridi. Na aliyejichoma kidole kwa kuishika kalamu kichwa chini akitie katika maji ya vuguvugu na kwenda hospitali.

Wala haichomwi mshipani. Hapa ndipo ilipo hatari yenyewe ya dawa hii, na pengine ndiyo asili ya hofu iliyoenea juu yake. Adrenalini imiminwayo mshipani kwa mkono usio na ujuzi huupandisha msukumo wa damu ghafula, huuvuruga moyo, huweza hata kupasua mshipa wa kichwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 kutoka hospitali ya Mayo, Marekani, ulilinganisha njia mbili hizi. Katika dozi 316 zilizotiwa msulini, waliopata taabu ya moyo walikuwa 4, na hapakuwa na hata dozi moja iliyozidi kipimo. Katika dozi 30 zilizotiwa mshipani kwa mara moja, waliopata taabu ya moyo walikuwa 3, na dozi zilizozidi kipimo zilikuwa 4. Dawa ni moja. Njia ndiyo iliyoibadili. Mtu asemaye kwamba adrenalini ni dawa ya kuua moyo amesikia habari za mshipa akazipeleka kwenye paja.

Hata hivyo wako watu ambao daktari wao hana budi kuwapima kwa uangalifu kabla: wenye ugonjwa wa moyo, wenye msukumo mkubwa wa damu, wenye tezi la shingo lifanyalo kazi kupita kiasi, wenye kisukari, na wajawazito. Kadhalika watumiao propranololi au atenololi kwa ajili ya moyo, maana dawa hizo huizuia adrenalini isifanye kazi yake sawasawa. Na watumiao amitriptilini na jamii yake, ambayo huzidisha nguvu yake. Majina ya dawa zote mgonjwa azimezazo yaandikwe katika karatasi moja pamoja na kipimo chake. Lakini matabibu wamekubaliana kwamba, anafilaksia ikishatokea, hapana hata mmoja katika hao anayekatazwa sindano hiyo ya msulini, kwa kuwa kuikosa ni hatari zaidi kuliko kuipata. Kutetemeka, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na woga wa ghafula ni mambo ya kawaida baada ya sindano, nayo huondoka baada ya muda mfupi.

Kinachowachelewesha watu wengi si hofu ya moyo bali matumaini katika kitu kingine. Mmoja huleta maziwa, mwingine makaa yaliyosagwa, wa tatu kidonge cha Piriton. Hicho kidonge huondoa mwasho, na kwa mzio mwepesi ni dawa njema. Lakini hakifungui koo wala hakiinui msukumo wa damu. Haidrokotisoni ya sindano, ambayo waganga wengi huikimbilia, huchukua saa kadhaa. Mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya ya Uganda umeiweka adrenalini ya msulini katika tiba ya ugonjwa huu hata kwa vituo vidogo vya afya, na hivyo mgonjwa asiye na dawa nyumbani apelekwe kituo cha karibu chenye mganga na adrenalini, asipitishwe mbele yake kwa ajili ya hospitali kubwa iliyo mbali.

Na jinsi ya kumpeleka ni sehemu ya tiba. Katika ugonjwa huu damu hushuka miguuni, na moyo hubaki ukipiga bila kitu. Wako waliokufa papo hapo kwa kuinuliwa tu, au kuketishwa, baada ya kulazwa. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Mwenye kutapika alazwe kwa ubavu. Mjamzito kwa ubavu wa kushoto. Na yule ambaye shida yake ni pumzi aachwe aketi, miguu akiinyoosha mbele. Sasa, mtu wa Kampala akiona foleni ya magari, jambo la kwanza limjialo ni bodaboda. Kwa mgonjwa wa malaria au mwenye mkono uliovunjika ni shauri zuri. Kwa mtu aliyezimia kwa mzio, kushikwa wima baina ya dereva na ndugu yake ndiko kubaya kuliko kote. Bodaboda iende kumleta mganga pamoja na dawa, au mgonjwa alazwe katika kiti cha nyuma cha gari. Kama nafuu haikuonekana baada ya dakika tano, sindano ya pili huchomwa, katika paja jingine au lile lile; kwa hiyo huwekwa vichupa viwili, wala si kimoja.

Wako wenye jamaa London au Toronto ambao huletewa kalamu kama zawadi. Zawadi hiyo ni kubwa, lakini kalamu hazifanani: nyingine ina kifuniko kimoja na nyingine viwili, na ncha ya sindano hutokea upande usiotazamiwa. Mwenyewe asome maelezo yake siku ileile aipokeayo, aangalie tarehe, na kama kipimo chake ni miligramu 0.15 cha mtoto au 0.3 cha mkubwa. Na mwenye kuileta aichukue mkononi pamoja na barua ya daktari, asiitie katika mizigo ya chini ya ndege.

Kwa wafungao Ramadhani, swali huulizwa kila mwaka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jidda mwaka 1997, liliamua kwamba sindano za ngozi, za msuli na za mshipa, isipokuwa zile za kulishia, hazifunguzi saumu. Basi aliyeumwa na nyuki saa nane ya mchana hana sababu ya kungojea adhana ya Magharibi. Nao wapishi wa karamu za jumuiya, za futari na za maulidi, wawajulishe wageni kilichotiwa njugu, ufuta, mayai au samaki; na msimu wa nsenene ujapo, hasa mwezi wa Novemba, ajue kila ambaye kamba wa pwani humdhuru kwamba panzi hao pia huweza kumdhuru, kwa kuwa vitu vilivyomo ndani yao vyafanana.

Aliyepata nafuu baada ya sindano bado ni mgonjwa. Kwa baadhi ya watu ugonjwa hurudi baada ya saa kadhaa, hata bila kula kitu kingine, na hivyo humpasa kukaa hospitalini chini ya macho ya wauguzi mpaka daktari amruhusu. Katika karatasi yake huandikwa kitu kilichomdhuru, saa aliyochomwa na kiasi alichopewa. Sindano iliyotumika na vipande vya kichupa hutiwa katika kopo gumu lenye kifuniko na kuachwa hospitali hapo hapo, visitupwe jalalani wapitapo watoto na waokota taka. Na kabla hajatoka mlangoni, apewe vichupa vingine badala ya vile vilivyokwisha.